Goti Lililowaka Wakati wa Mavuno

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Tluway wa Endasak. Ushuhuda wangu una machozi, mnivumilie.

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, mimi na mume wangu tulikuwa vibarua, tukishona magunia. Asubuhi moja niliamka goti la kulia limevimba, linawaka moto. Sikuwa nimeanguka. Hata shuka likiligusa, nalia!

Mama mkwe alisema ni baridi ya mlimani. Akalikanda kwa mafuta ya kondoo siku tatu. Mume wangu akasema twende hospitali, nikakataa. Nilisema nimeomba, inatosha. Ndugu zangu, ile haikuwa imani, ilikuwa hofu! Mwaka uliotangulia, mdogo wangu Elizabeti alishikwa na nyonga ghafla vivyo hivyo, na homa juu. Tulimkanda, tukamwombea nyumbani. Siku ya nane tukamzika. Kama ningeenda mimi nikapona, ningejua kwamba hata yeye angepona kama tungempeleka.

Siku ya nne nikaanza kutetemeka na kuweweseka. Mume wangu hakuniuliza tena. Akanipakia kwenye tela la trekta hadi hospitali ya Katesh.

Mganga wa zamu aliuliza limeanza lini, kama nilianguka, kama viungo vingine vinauma. Akanipima homa. Akashika magoti yote mawili kulinganisha joto. Kisha akachoma sindano gotini, akavuta maji mazito ya njano.

"Mama, huu ni usaha," alisema. "Siyo baridi. Hili haliwezi kungoja kesho."

Nikamwuliza, "Na nyonga, daktari? Nayo huwa hivi?"

"Huwa. Nani anaumwa nyonga?"



Walilisafisha goti siku ileile, wakanichoma penisilini wiki kadhaa. Homa ikashuka. Bwana aliniokoa kwa mikono yao! Lakini Elizabeti hakurudi. Pale kitandani nilimwambia Mungu yote, hata lile nililoogopa kulijua, naye hakunifukuza.

Ndugu zangu, kiungo kikivimba ghafla na kuwaka, usikikande, usingoje. Omba ukiwa njiani! Mpe Bwana na hofu yako pia, anaiweza.

Goti langu halikunjiki tena. Ninyi pigeni magoti. Mimi namshukuru nikiwa nimesimama.