Onyo la Polisi na Wodi ya Wazazi

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hapa Grimsby, Uingereza, pale upepo unapokata kona na kukuzaba kofi bila kukuuliza jina. Mimi ni Noreen, nauza kahawa kwenye kidirisha cha jirani, na kwa kuwa benchi liko chini ya kidirisha changu, kila upuuzi unaosemwa pale lazima upitie masikioni mwangu. Wenye benchi ni watatu. Clive tunamwita Jaji, maana aliwahi kwenda mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu hapo hatupumui. Barry ni Redio: habari zake nusu ni uongo, na nusu nyingine ni uongo wa jana. Wa tatu ni Trevor, Nanga, kwa sababu akishakaa hanyanyuki. Asubuhi hiyo ya Jumanne, baridi ya kutoa machozi, binti yake Nanga, Jodie, alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya kiwanda cha samaki, hata nywele hajazifungua, akasimama mbele yao na simu mkononi. Nilimtazama tu nikajua leo pana jambo.

— Nimeghairi, akasema. Siombi.

— Huombi nini? Jaji akauliza.

— Ile kazi ya hospitali. Wodi ya wazazi, msaidizi wa wakunga. Mwisho wa kupokea maombi ni leo saa sita mchana. Nimejaza kila kitu, limebaki swali la polisi.

— Lisome, nikamwambia kutoka dirishani.

— “Je, una hukumu au onyo lolote la polisi ambalo kisheria bado linatakiwa kutajwa?” Ndiyo au hapana.

— Aaa! Jaji akaweka kikombe chini. Hapo pana shimo. Ukisema ndiyo, umekwisha. Ukisema hapana, umeidanganya serikali. Nimeyaona hayo mahakamani.

— Mahakamani uliona baiskeli, Redio akasema.

— Na baiskeli ilikuwa na mwenyewe, bwana!

Nanga alikuwa anaangalia kahawa yake kama kuna mtu kaingia humo.

— Ni ule msokoto tu wa bangi, akasema. Msokoto mmoja.

— Nusu, Baba. Nusu msokoto, tena wa kupokezana. Nilikuwa na miaka kumi na sita, tuko wanne bustanini, polisi wakatokea. Wenzangu wakatimua mbio. Mimi nilikuwa na viatu vya visigino.

— Nikaitwa kituoni, Nanga akaendelea, maana mtoto hahojiwi bila mtu mzima. Askari mpole jamani, akatuletea chai na biskuti. Akasema binti akikiri atapewa onyo, atarudi nyumbani, mahakama hakuna. Nikamwambia, kiri mwanangu, twende, viazi vinapoa.

— Kila mtu mtaa huu angefanya hivyo, nikasema. Askari akishakupa biskuti, unatia saini.

Na ni kweli. Sisi tumelelewa hivyo, kutoonekana wakorofi mbele ya mtu aliyevaa sare. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeuliza, hili onyo linakaa wapi, na litakaa muda gani?

— Viazi ulivila lakini? Redio akauliza.

— Nilivila.

— Haba na haba hujaza kibaba, Jaji akasema kwa huzuni. Sote tukamtazama. Mpaka leo sijui viazi na kibaba vilikutana wapi.

Redio akajikohoza.

— Nyie, lakini maonyo ya utotoni waajiri hawaonyeshwi tena. Sheria ilibadilishwa. Hospitali wakiomba kumbukumbu zake, la utotoni halimo. Anajaza hapana, na hajamdanganya mtu.

Barry alikuwa amesema maneno mengi mfululizo na yote yameingia akilini. Mimi mwenyewe niliacha kupangusa kaunta.

— Na mafaili yenyewe, akaongeza, yalipakiwa kwenye meli yakazamishwa karibu na Iceland. Binamu yangu ndiye aliyekuwa anashika kamba.

— Basi! Jaji akapiga goti. Nilijua tu!

— Ngojeni, Jodie akasema. Hata dada wa simu ya ushauri wa bure kaniambia vivyo hivyo. Siyo ya Iceland. Hiyo ya kwanza. Kanifafanulia polepole kabisa, kwamba kwa onyo langu mimi, jibu ni hapana.

— Mtego huo!

— Mtego gani, Mzee Jaji?

— Mwanangu, yule wa simu ni wa kwao! Unajaza hapana, unaanza kazi, umeshanunua viatu vyeupe, umezoeana na watu. Siku hiyo mko katikati ya kuzalisha, mlango unafunguliwa: “Jodie Blanchard, tueleze kuhusu bustani.” Mbele ya mjamzito!

— Kwa hiyo wanangoja mtoto atoke kichwa ndipo waje? nikamuuliza.

— Wewe Noreen uza kahawa.

— Nauza, na ukiniudhi nafunga.

Hapo Nanga naye akaingia. Kwa kawaida Trevor ni mtu wa maneno machache, ila likija suala la onyo hilo hajizuii, anavumbua hatari mpya kila wiki.

— Siku hizi hawasomi hata mafaili. Wana mashine. Unaandika jina lako, mashine inanusa. Mjomba wake Sheila, yule anayefua nguo hapa, alinyimwa kazi ya kuendesha basi kwa sababu jirani yake alikuwa anavuta. Jirani! Moshi ulipita ukutani, ukaingia kwenye rekodi.

— Ulipitaje ukutani?

— Nyumba zetu hizi unazijua.

— Dawa ni kubadili jina, Redio akasema. Ajiite Philippa, jina la kitajiri. Mmewahi kusikia Philippa kapewa onyo? Watoto wa shule za ada wanavuta kila Ijumaa, wakikua wanakuwa mawakili. Askari akimkuta Philippa bustanini anamuuliza kama anataka kusindikizwa nyumbani.

Tulicheka mpaka Jaji akamwagikiwa kahawa. Jodie hakucheka.

— Endeleeni kucheka, akasema. Meneja wetu kiwandani alivuta bangi nyuma ya jokofu siku ya sherehe ya Krismasi, akavuta mpaka akamlilia mama yake. Kesho yake kanisimamisha mbele ya wenzangu ananihubiria nidhamu. Mimi! Nimepanga samaki kwenye maboksi tangu nilipomaliza shule, vidole vimekufa ganzi, sijawahi kukosa zamu. Sasa nijione mhalifu mpaka lini? Mpaka niwe bibi? Nusu msokoto, jamani! Hata haukuwa mzuri!

— Taratibu, mwanangu.

— Sitaki taratibu, Baba. Dada yangu alipojifungua nilikuwepo. Yule msaidizi alimshika mkono usiku kucha, akamfuta jasho, akamwita kwa jina lake. Alipotoka nikamfuata koridoni, nikamuuliza kazi hii mtu anaipataje. Naitaka. Naitaka mpaka inaniuma hapa.

Akajigusa kifuani. Nikaona macho ya Nanga yanalowa, na haikuwa upepo.

— Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, akasema.

— Nani kawatukana? Nataka kufanya kazi nao!

— Nasema tu. Kaa kiwandani, mwanangu. Pale hawakuulizi kitu. Kukataliwa kunauma, Jodie. Bora usiende kuliko ukaonyeshwe mlango na watu wasiokujua.

Hapo nilikasirika, nasema kweli. Nampenda Trevor, kapoteza mke, kamlea binti yule na dada yake peke yake, lakini nilitaka kumpiga kwa kitambaa cha kaunta. Nikajizuia kwa sababu mteja alikuwa ameingia. Mama mmoja mnene, koti la kijani, katoka kwenye duka la kufulia na mfuko wa mashuka. Sijawahi kumwona. Akaniambia kahamia wiki hii kutoka ng’ambo ya mto, akaomba kahawa ya maziwa, kisha akauliza kama anaweza kukaa, nguo zake nyingine bado zinazunguka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Redio akasema, na akasogea upana wa kiganja.

Yule mama akajibana pale, akapuliza kikombe chake. Jaji, akipata msikilizaji mpya, ni kama kaongezewa mshahara. Akamgeukia.

— Mama, umetukuta katika msiba. Unamwona binti huyu? Kijana safi, mchapakazi. Alipokuwa mtoto polisi walimpa onyo kwa kipande cha bangi. Onyo tu, hata mahakamani hakufika! Na onyo hilo limemfungia milango yote. Hospitali, shule, nyumba ya wazee, kote. Limemharibia maisha.

— Maskini, yule mama akasema. Pole sana, binti yangu. Ni wapi walikukataa?

— Wapi? Jodie akasema.

— Ndiyo. Hiyo milango. Nani alikukataa?

Aliuliza vizuri tu, mtu mwema, anataka kujua asifike huko na yeye. Jodie akafungua mdomo.

— Nyumba ya wazee, ile ya karibu na stesheni, akaanza. Walikuwa wanataka... Niliichukua fomu yao. Iliishia kwenye droo.

— Na shule, Jaji akamsaidia. Ile ya kusaidia watoto wadogo.

— Shule nilifika getini.

— Wakasema nini? yule mama akauliza.

— Sikuingia.

Akamtazama baba yake. Sote tukamtazama. Trevor alikuwa anazungusha kikombe kitupu mkononi.

— Nilimwambia asijisumbue, akasema. Usiku kabla ya kwenda, nilikaa naye jikoni, nikamweleza watakavyomfanya. Sikutaka wamuumize.

— Watakavyomfanya ulijuaje? nikamuuliza.

— Tulikuwa tumezungumza. Hapa.

Jaji akasema, “Kisheria,” kisha akaanza kufuta kahawa kwenye suruali. Redio akaangalia juu kwenye mfereji wa mvua. Na mimi nisijitoe, kahawa waliyoinywa wakati wanapanga hayo yote niliitengeneza mimi, na nilikuwa nacheka. Tumekaa pale miaka na miaka tunamwombolezea binti wa watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutaja mtu mmoja, ofisi moja, mlango mmoja.

— Samahani, yule mama akasema, mashavu yamemwiva. Nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, nikamwambia.

Jodie alikuwa analia, lakini ni kile kilio cha hasira, kisichokuwa na haja ya leso. Alituangalia mmoja mmoja, akaanza na mimi, akamaliza na baba yake, na kwa baba yake alikaa sana. Kisha akainua simu.

— Mwanangu, Nanga akasema, hebu subiri kidogo. Saa sita bado. Tulifikirie vizuri.

— Mmelifikiria vya kutosha.

— Je, wakikuita? Wakikuuliza usoni?

— Nitawajibu. Nusu msokoto, miaka kumi na sita, viatu vya visigino. Sioni aibu tena, Baba. Nimechoka kuiona.

Akagusa hapana. Akagusa tuma. Trevor akafumba macho, na yule mama mgeni, bila kuelewa vizuri, akamshika mkono.

Jodie akaitia simu mfukoni, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

— Haya, akasema. Wakinikataa hawa, watakuwa wa kwanza.