Helmeti Iliyokutwa Imefungwa Kamba: Risala ya Akina Mama wa Maziwa wa Simaltar kwa Mwenyekiti wa Halmashauri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tulasi Ghimire, Mwenyekiti wa Halmashauri yetu ya Simaltar. Viongozi mlioongozana naye. Waume zetu, mama wakwe zetu, na ninyi nyote mliokamua mapema ili muwahi hapa: namaste.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu. Karibu sana. Koja la maua hilo shingoni mwako limesukwa na wanachama wetu jana jioni, na mikate ya unga wa mchele inakaangwa nyuma ya jukwaa sasa hivi. Usiondoke bila kuila, tutakasirika.

Risala hii tuliiandika mara ya kwanza ikawa ya furaha tupu, tukaichana. Hii ni ya pili. Katibu wa ofisi yako aliipitia akatushauri kwamba, kwa kuwa muda ni mfupi, sehemu inayoitwa "Yaliyotupata" tuisome harakaharaka. Utuwie radhi, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo tutakayoisoma polepole.

TULIKOTOKA

Ushirika wetu ulianza na akina mama wachache wa kule mlimani waliobeba maziwa mgongoni, kwenye vikapu vilivyoning'inizwa kwa utepe wa paji la uso, mpaka kituo cha kukusanyia huku bondeni. Siku za joto maziwa yaliharibika njiani. Tuliposema tunataka skuta, wanaume walikufa kwa kicheko. Mzee mmoja, ambaye leo amekaa mbele kabisa na anajifanya hasikii, alisema, "Mwanamke juu ya skuta? Hayo maziwa yatafika siagi!"

Mzee wetu, yalifika maziwa. Na wewe mwenyewe unakunywa chai yake kila asubuhi.

MAFANIKIO

Leo kila kitongoji kina mama mwenye skuta na madebe mawili ya maziwa. Tangi la kupoozea tunalo. Watoto wanakaa darasani bila kufukuzwa kwa ajili ya ada. Na mwaka jana, Mheshimiwa, ulitugawia helmeti, zote mpya, nyekundu, zina nembo ya Halmashauri. Ulituvika mmoja mmoja kwa mikono yako, na picha ile ipo ukutani ofisini kwetu.

Tuseme kweli: tulizipenda. Tulizipenda kwa sababu zilikuwa kubwa. Ninyi wanaume hamjui shida ya helmeti inayobana. Mwanamke ameamka, ameoga, amejipaka sinduri yake kwenye njia ya nywele, ule unga mwekundu aliopakwa na mumewe siku ya harusi, ambao wazee husema ndio unaolinda uhai wa mume. Anavaa helmeti ya kubana, anafika kituoni, anaivua, sinduri yote imehamia kwenye sponji. Anarudi nyumbani na kichwa kitupu kama mjane. Mama mkwe akimwona hivyo, siku hiyo hapaliki. Kwa hiyo zako zilipokuja, zimekaa juu ya kichwa kama kapu, hazigusi kitu, tulipiga vigelegele.

YALIYOTUPATA

Mwenzetu Kopila Thapaliya wa kitongoji cha juu alikuwa na kichwa kidogo. Yeye peke yake ndiye aliyenung'unika. Asubuhi ile ya ukungu alikuwa uani anafunga madebe yake, mama mkwe wake, Mama Bhadrakumari, amemshikia helmeti. Kopila akaivaa, akafunga kamba kidevuni, akatikisa kichwa.

"Mama, hii kitu inacheza. Nikigeuka kushoto, yenyewe inabaki inatazama mbele."

"Na icheze! Ile ya kubana uliyojaribu dukani si ilikufuta sinduri yote? Unataka mwanangu afe?"

Mumewe, Narahari, alikuwa anapiga mswaki pale kizingitini. Akacheka. "Mama, mimi nife kwa sababu ya unga?"

"Nyamaza wewe! Mambo haya hayakuhusu."

"Yananihusu, si ndiye nitakayekufa?"

Kopila naye akacheka. Alimwambia binti yake, Asmi, asisahau kumpa ndama maji, akawasha skuta akaondoka. Ndani ya ile helmeti alijiona mtoto aliyevaa sufuria, mwenyewe alizoea kusema hivyo, lakini sheria inataka helmeti na yeye alikuwa mtu wa sheria.

Penye kona ya daraja dogo, mbwa alikatiza. Kopila alishika breki, skuta ikateleza kwenye kokoto, akaanguka ubavu. Mheshimiwa, hakuwa anakimbia. Debe moja halikumwagika hata tone. Taa ya skuta haikupasuka. Waliofika wa kwanza walidhani amekaa tu chini kupumzika, mpaka walipomgeuza.

Helmeti ilikuwa mtaroni, mbali naye. Haikuwa na ufa. Na kamba yake ilikuwa bado imefungwa.

Tumeambiana jambo hili mara nyingi na bado midomo inatuachama. Imefungwa! Kila bango la barabarani linasema vaa helmeti, funga kamba. Alivaa. Alifunga. Kichwa kilipita kikatoka, kofia ikaenda zake na kifungo chake, na dada yetu akapiga kisogo kwenye ukingo wa daraja. Na sinduri yake, Mheshimiwa, ilikuwa vilevile alivyoipaka. Mstari umenyooka, haukufutika hata kidogo.

Mtoni, wakati wa kuuchoma mwili wake, tulimvika nyekundu kama bibi harusi, ndiyo desturi ya mke anayemtangulia mumewe. Wanawake wakaanza kusema yale yanayosemwa siku zote. "Ana bahati huyu. Amekwenda na sinduri yake kichwani."

Narahari aligeuka. Hatujawahi kumsikia mtu huyu akipaza sauti, hata kwa ng'ombe.

"Bahati ya nani? Nawauliza, bahati ya nani? Mimi nipo hapa mzima, nimesimama. Unga umefanya kazi yake! Sasa nani atanirudishia mke?"

Mama Bhadrakumari alikaa chini kwenye mchanga, akajifunika uso kwa ushungi mpaka moto ulipozimika.

Baadaye sajini wa trafiki, dada mmoja anaitwa Devaki, alituletea ile helmeti kituoni. Alimvika Sarada, katibu wetu, akafunga kamba vizuri, akamwambia, "Dada, inamisha kichwa." Halafu akaisukuma kutoka kisogoni, kwa vidole viwili tu. Ikabiringika mbele, ikamtoka Sarada, ikaanguka miguuni pake. Sarada alipiga ukelele kama aliyeona nyoka.

Tukasema, ni hiyo moja tu, ina kasoro. Kila mtu akaleta yake. Pale uani zilidondoka moja baada ya nyingine kama maboga, na sisi tumesimama tunatazamana, hatuamini. Tangu mwaka jana tumekuwa tukishuka mlima na makapu vichwani! Iliyogoma kutoka ilikuwa ya Mandira peke yake. Huyu tumemcheka tangu utotoni kwa ukubwa wa kichwa chake. Siku hiyo alitutazama akasema, "Haya, chekeni tena." Hatukuweza.

CHANGAMOTO

Sajini Devaki alitufundisha jinsi ya kuchagua, na tunaomba yaingie masikioni mwa waume zetu pia. Pima kichwa kwa utepe juu ya nyusi, uzungushe mpaka penye mwinuko wa kisogo. Ukiivaa, mashavu yafinywe kidogo, kama ya mtoto aliyebusiwa na shangazi. Ukiishika ukaizungusha, ngozi ya paji iende nayo. Ngozi ikibaki na helmeti ikienda, hiyo si yako. Kaa nayo muda wa kupika wali: ikikuuma sehemu moja na kukuachia alama nyekundu, umbo lake si la kichwa chako, hata kama kipimo ni sawa. Fundo la nywele lishuke chini shingoni. Na ya kubana vizuri haiumizi, inakukumbatia. Wengi wetu hatukujua kwamba helmeti inaweza kukaa na mtu akaisahau.

Basi tutazipata wapi? Dukani kwa Jit Bahadur tulikwenda. Alitufungulia mikono. "Mama zangu, ndogo niliacha kuleta. Nani atanunua kwangu wakati Halmashauri inagawa bure?" Na askari wa barabarani anatazama kama ipo kichwani. Kama inakaa, hilo haangalii.

Ya sinduri tumeyamaliza wenyewe kwa wenyewe, ingawa kwa makelele. Mama Bhadrakumari alikuja mkutanoni bila kualikwa, akasimama mbele ya mama wakwe wenzake wote. Alisema, "Mkaza mwana akirudi kafutika, mwekeeni kioo, ajipake tena. Mimi wangu hatajipaka tena." Kisha akaketi. Tangu siku hiyo kila skuta ina kikopo cha sinduri chini ya kiti, na hakuna mama mkwe aliyegomba hadharani. Wa chinichini tunawajua.

MAOMBI

Mheshimiwa, tumeliona lori ulilokuja nalo leo, lenye helmeti mpya za kutugawia. Tumeona turubai, na nembo, na rangi nyekundu ileile. Kijana wa lori hana kosa, alitufungulia boksi moja tulipomwomba. Zote ni kipimo kimoja. Ni kilekile cha mwaka jana.

Tunaomba zisigawiwe. Tunajua umetoka nazo mbali na wapiga picha wamekuja. Zirudi, zibadilishwe kwa vipimo tofauti, na Sajini Devaki apewe siku moja hapa ili kila mwanamke ajaribu yake mwenyewe mpaka imkae. Tutasubiri. Tumezoea kusubiri.

Ombi la mwisho si la ushirika wote. Ratiba inasema kwamba baada ya risala hii utamwita Asmi, binti wa Kopila, na kumvika helmeti ya kwanza, kama mkono wa pole wa Halmashauri. Asmi ndiye huyo mwenye kanzu ya kurta ya kijani. Kuanzia kesho njia ya maziwa ya mama yake ni yake, na ile kona ya daraja dogo ni yake. Kichwa chake tumekipima: ni kidogo kuliko cha mama yake.

Usipomwita utamvunjia heshima, na hatutaki. Mwite. Mvike, mfunge kamba wewe mwenyewe, uikaze upendavyo. Kisha mpishe bibi yake, Mama Bhadrakumari, asimame nyuma yake aisukume kwa vidole viwili. Ikikaa, Mheshimiwa, tutashusha lori zima kwa nyimbo. Ikidondoka, tunaomba uiokote wewe, umtazame huyu mtoto usoni, halafu utuambie sisi mama zake: kesho alfajiri apande skuta, au asipande?

Mungu akupe umri mrefu, nyumba yako isipungukiwe maziwa, na barabara zote zikurudishe salama kwa wanaokungoja.

Ni sisi,
Ushirika wa Akina Mama wa Maziwa, Simaltar.
Imesomwa na Sarada Khatiwada, Katibu.