Dakika Nne za Glenys

Benchi letu la Busselton, Australia, liko mbele ya kibanda cha kahawa, na barabara ya mashindano ya triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia, inapita hatua tatu tu kutoka vidoleni mwetu. Ndiyo maana hapa kila mtu ni bingwa wa baiskeli, hata mimi nisiyepanda. Asubuhi hiyo nilikuwa na Macca, fundi bomba, na Bluu, ambaye kwa kuwa nywele zake ni nyekundu, kwa utani wa Australia lazima aitwe Bluu. Katikati yetu aliketi Glenys, mfanyakazi mstaafu wa posta, miaka sitini na mitatu. Kwenye mashindano ya mwaka jana aliogelea vizuri, akaendesha kilomita mia na themanini, akafika dakika nne baada ya muda wa baiskeli kufungwa. Waamuzi wakamzuia kukimbia. Alilia mpaka tukakosa pa kutazama. Mashindano ya mwaka huu ni Jumapili, na sasa anataka baiskeli maalumu ya triathloni, ile ya kulalia viwiko, na muuzaji anataka jibu kabla ya saa sita mchana.

MACCA: Nunua, Glen! Ukiilalia ile, upepo haukuoni.

BLUU: Upepo ni kama trafiki. Husimamisha waliokaa wima tu.

GLENYS: Na mgongo wangu je?

MACCA: Mgongo utazoea. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

BLUU: Sasa huyo si ndiye anayechelewa, we mzee?

MACCA: Ndiyo! Kwa hiyo anunue!

BLUU: Ila ile haina kelele. Kangaruu hakusikii, mara yuko mapajani mwako.

MACCA: Akipanda, si ndiyo uzito wa kuteremkia mlima?

GLENYS: Busselton ina mlima gani, Macca?

Tukacheka. Glenys hakucheka sana, alikuwa ameshika simu.

Dada mmoja mgeni, mwenye mbwa, alikuwa akisubiri kahawa yake.

MGENI: Samahani, mama. Hizo dakika nne zilipotelea wapi?

Bluu akatazama bahari. Macca akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mimi nikaona aibu, nikachungulia kikombe kitupu.

GLENYS: Hapa! Mlinisimamisha hapa hapa! Mkanipa kahawa na keki ya nazi, na huyu Macca akanihadithia operesheni ya goti lake!

MACCA: Lakini ulisema keki ni tamu...

Glenys akampigia muuzaji, akamwambia asimsubiri. Kisha akavaa kofia yake ngumu.

GLENYS: Jumapili nikipita, nawapenda, lakini geukieni ukutani.