Mwalimu Ndoo na Nyumba ya Fundi Viatu

Wasikilizaji wapendwa, haya nimesimuliwa na mdogo wake marehemu Mwalimu Ndoo, aliyekuwa pia mwanafunzi wake, juzi, tumekaa jikoni kwao baada ya mazishi. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Tunamkumbuka Mwalimu Ndoo. Jina hilo walimpa wanafunzi wake. Kila Ijumaa mchana alitoka shuleni na ndoo mkononi, darasa zima nyuma yake, kwenda kuwasaidia wazee kazi. Kwake hilo lilikuwa somo kama hesabu. Narudia, wanangu: somo, si adhabu.

Mwalimu mkuu hakulipenda somo hilo. "Akija mtu mmoja tu kulalamika, nalifuta."

Basi wakaenda kwa babu mmoja, fundi viatu wa zamani, haoni. Watoto walifagia, wakapiga deki, wakapanga vyombo upya mpaka nyumba ikapendeza. Wakaaga wamejaa furaha.

Asubuhi babu kaamka, goti likagonga meza. Kikombe hakipo. Mkongojo haupo. Jumatatu mkwewe akamshika mkono mpaka shuleni, babu amefura.

"Mwalimu, hawa wajukuu wamenisaidia au wamenihamisha? Napapasa nyumbani kwangu kama mwizi!"

Mwalimu mkuu yuko mlangoni, anasikia yote.

"Dada yangu mwalimu akapiga magoti," anasema mdogo wake. "Akamwambia: 'Baba, kosa ni langu. Sikuwafundisha kuuliza. Tufundishe wewe.'"

Babu akaguna. "Waje. Lakini wafunge macho."

Ijumaa wakaja, vitambaa usoni, na mwalimu mkuu nyuma yao. Wakagongana, wakakanyagana. Babu kitini anacheka: "Wewe mwenye miguu ya tembo, hapo pana stuli! Kulia, mama, kulia!"

"Huyo tembo ni mimi," mdogo wake akaniambia, anacheka huku anafuta machozi.

Kidogo kidogo mikono yao ikajua, wakarudisha kila kitu mahali pake: kikombe dirishani, mkongojo nyuma ya mlango. Mwalimu mkuu akatazama, akaondoka. Somo halikufutwa; liliendelea hadi Mwalimu Ndoo alipostaafu.

Kwa mdogo wake, kwa watoto na wajukuu, poleni sana, wapenzi. Nasi tujiulize: yule tunayemsaidia, tumemuuliza anatakaje?

Ijumaa ile ya vitambaa, kazi ilipokwisha, babu alinyoosha mkono mara moja tu, akakipata kikombe. Akanywa. "Haya," akasema, "sasa niko kwangu." Kichwa kikainama. Mwalimu akaweka kidole mdomoni, watoto wakatoka wakinyata, na babu akalala.