Skrubu za Nyota

Benchi la mtaa wa Pasiansi lilikuwa ubao wa bodi la lori la ng'ombe, na harufu yake haikuwahi kuisha. Luhende aliliweka mbele ya kibanda chake cha kutengeneza redio ili wateja wakae. Wakaja wenye midomo. Ngosha akaja na birika lake la kahawa, na tangu hapo hakuna jambo la nchi hii, liwe la mashirika kuuzwa au mitumba kushuka kwa marobota, lililopita pale bila kupatiwa ufumbuzi. Ila asubuhi ile ya mwaka tisini na tisa Luhende alikuwa amepakata simu ya mkononi, jasho linamtoka, na moyoni alijua kwamba hajui.

Simu ilikuwa ya Projest, mnunuzi wa samaki, kijana wa Bukoba mwenye viatu vinavyong'aa. Jana yake ilimponyoka kwenye kivuko cha Kigongo, ikajipiga kwenye sakafu ya chuma, betri huku, mfuniko kule. Akaokota vyote, akavirudishia, kioo kikabaki cheusi. Na mkewe Renatha alikuwa wodini Bukoba, uchungu umemshika tangu juzi. Shemeji yake angepiga kutoka posta saa sita kamili kusema kama amejifungua salama. Sasa ilikuwa saa tano.

— Fundi, kuna tumaini?

— Redio gani imewahi kunishinda, Projest?

Hakusema simu. Alikuwa ameshabonyeza vitufe vyote, harakaharaka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Skrubu alikuwa ameziona, lakini vichwa vyake vilikuwa na nyota, na bisibisi zake zote zilikuwa za bapa na za msalaba. Alinoa msumari, ukateleza, ukamchoma kidole.

Longino, mwalimu aliyepunguzwa kazini, ambaye kijiwe kizima kilimwita Silabasi, alisema hayo ndiyo matunda ya soko huria.

— Redio yangu ya mwaka sabini na mbili ilitumbukia kisimani. Nikaianika, jioni ikasoma taarifa ya habari. Zile zilitengenezwa zife baada ya mwenyewe. Hizi zinatengenezwa zife kabla.

Chenge, muuza mitumba aitwaye Gredi Wani, alimuunga mkono, na hapo ndipo alipoharibu.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Simu ya posta imetulia ukutani miaka yote, haivunjiki. Hii inatembezwa mfukoni. Wahenga walishaiona.

Silabasi akasema methali ile haina maana hiyo. Alipoulizwa ina maana gani, akaomba kikombe kingine.

Ngosha akasema betri imeingiwa na baridi ya ziwa, ianikwe juani kama betri za redio. Luhende alifurahi waziwazi, maana angalau hilo alilijua. Betri ikapanda juu ya bati. Ilipotimu saa sita kasoro robo ikateremshwa, moto kama chapati, ikarudishwa mahali pake. Wote wakainamia kioo wakingoja kiwake chenyewe, kama redio inavyodaka ikipata betri. Kikabaki cheusi.

Basi kila mtu akaleta nadharia yake. Gredi Wani akasema simu ilipofika katikati ya maji iliitwa na mnara wa Kigongo na mnara wa Busisi kwa pamoja, ikakosa wa kumtii, ikazirai. Silabasi akasema Busisi hakuna mnara. Gredi Wani akajibu kwamba ndiyo maana ilizirai.

— Nyota ni cheo, — akasema Ngosha. — Hii hafungui raia. Inataka afisa.

Luhende hakucheka. Alikuwa ameshaweka kisu kwenye jiko la Ngosha, na sasa kilikuwa chekundu. Akichana lile ganda, halitarudi tena. Akamtazama Projest, naye Projest akamwambia akate.

Hapo akafika Dorotea, muuza dagaa, kufuata redio yake. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake kwenye kisu.

— Kwani hicho kidude kinawashiwa wapi?

Luhende akaushusha mkono taratibu. Akamgeukia Projest.

— Wewe huwa unaiwashaje?

— Sijawahi kuiwasha. Kaka yangu aliiwasha Dar siku aliponinunulia, akaniambia nisiizime kamwe.

— Basi kimbia posta ukampigie kaka yako, akueleze. Namba yake unayo?

— Ninayo.

Ngosha akatikisa birika, lilikuwa tupu. Kengele ya kanisa ikaanza kulia saa sita, na Projest akainyooshea simu kidole.

— Imo humo ndani.