Karani wa Ghala na Madaftari ya Visingizio

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufungua na kufunga ghala la ushirika wetu wa wakulima, karani wa ghala, tuliyezoea kumwita Babu Kalamu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alipoanza kazi alileta sheria moja. Anayechelewa kurudisha jembe la ng'ombe au pampu ya dawa ataje sababu, nayo iandikwe kama ilivyotamkwa, pamoja na tarehe na shamba alilokuwa analima. Tulimcheka. Wenyeviti watano walimwomba aache, na wote watano wakaandikwa. Wa tatu alidai jembe lilikuwa kwa mkwewe, naye anaona haya kulidai. Fundi baiskeli ameandikwa mara arobaini na moja, na kwa mujibu wa daftari ameshazika shangazi tisa.

Mwaka juzi utani uliisha. Maofisa wa ardhi walikuja na ramani iliyoonyesha kwamba bonde la chini ni pori ambalo halijawahi kulimwa, hivyo litagawiwa mwekezaji. Kaya arobaini zingebaki mikono mitupu. Wazee walisimulia historia mpaka makoo yakawakauka, lakini maofisa walitaka maandishi, na sisi tulidhani hatuna.

Babu Kalamu akaingia ukumbini na madaftari kumi na tisa kwenye toroli, akaanza kusoma. Mwaka baada ya mwaka, bonde la chini, jembe limechelewa: ng'ombe kagoma, mama mkwe kaja bila taarifa, shangazi kafariki tena. Watu walivunjika mbavu huku wakikwepa macho ya wake zao. Kisha akafika kwa marehemu mume wa mshonaji wetu: "Bonde la chini. Nimechelewa kwa kuwa mke wangu alikuwa anaimba akipanda maharage, sikutaka amalize."

Mshonaji alilia, nasi tukalia naye. Ofisa mwenye ramani aliazima leso, halafu akaomba nakala. Baada ya miezi miwili ramani ilisahihishwa na bonde likabaki letu.

Babu Kalamu, tunakushukuru kwa moyo wote. Nusu ekari yako kule bondeni, ambayo mkeo ameilima peke yake miaka yote hii kwa kuwa wewe ulikuwa na kazi ghalani, bado ni yako. Mkeo ameomba tukufikishie kwamba ameshakuchagulia jembe. Nenda salama, uwe na afya, na mikono yako izoee mapema.