Ernest Garrod, Konstebo wa Little Saxmere

Marehemu Ernest Wilfred Garrod alizaliwa tarehe 3 Mei 1884 hapa Little Saxmere, mtoto wa kwanza wa mhunzi Amos Garrod na Bi. Keziah. Mimi ninayewasomea wasifu huu, Harold, ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule yetu ya kijiji hadi alipotimiza miaka kumi na miwili. Hakuwa mwepesi darasani, ila jambo likishamwingia halikumtoka.

Alijiunga na polisi Machi 1906, na mwaka 1910 akakabidhiwa kijiji hiki. Oktoba 1929 kikombe cha fedha cha kanisa kiliibwa. Ninyi wanakijiji mlitaka kumpiga fundi wa kuziba sufuria aliyekuwa akipita njia, mkidhani ndiye mwizi. Ernest alimfungia mahabusu, akasimama mlangoni siku mbili akiwazuia. Siku ya tatu alikichimbua kikombe kwenye banda la kuku la jirani yetu mmoja, akakirudisha madhabahuni. Jina la mwizi hakumwambia mtu ila mkewe.

Mke huyo ni Lavinia Peck, ambaye Ernest alimwoa tarehe 8 Juni 1912, wakajaliwa binti, Dorothy. Mwaka 1931 shemeji alitoa kitabu chake cha kwanza cha upelelezi, cha kuchekesha. Humo kikombe kinapatikana kwa akili za bibi mmoja mfuma soksi, na polisi wa kijiji, Konstebo Tubbs, mwenye masharubu ya Ernest na kikohozi cha Ernest, anaikalia keki yenye ushahidi. Kilinunuliwa nchi nzima. Vikafuata vingine kumi na moja.

Siku moja nikiwa mezani kwao, kaka alimsihi, "Lavinia, nibadilishie angalau masharubu."

"Si unyoe," shemeji akasema, huku akimimina chai.

Akanyoa. Katika kitabu kilichofuata Tubbs naye alinyoa, akajikata sikio.

Mkawa mnampigia kelele barabarani, "Afande, tazama unapokaa!" Mwaka 1935 alimkamata mwizi wa farasi. Wakili wa mwizi alimuuliza kama alikagua kiti kabla ya kukaa. Korti nzima iliangua kicheko, hakimu naye, nami pia nilicheka. Mwizi akaachiwa. Kabla ya Krismasi kaka akastaafishwa.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 1937. Januari walikuja wasomaji wawili, akina mama wa London, kumwona mwandishi. Shemeji akawapandisha chumbani kwa mgonjwa.

"Huyu hapa Tubbs wetu! Ernest, wawekee sahihi."

Hakuweza kuinua kichwa. Nilimshikia kitabu, akaandika "Tubbs", kisha akaandika tena kwenye cha pili. Walipoteremka aliniuliza, "Harold, hivi kile kikombe nilikipata mimi?"

"Ni wewe, kaka."

"Mm. Nilikuwa nimeanza kusahau."

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Februari 1938, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Shemeji alikuwa chini akiandika.

Jana aliniambia, "Tia kichekesho kidogo, Harold. Watu wamezoea kucheka wakimsikia Ernest." Nilimjibu kwamba nitasoma yaliyotokea.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Lavinia, binti, Dorothy, na mumewe, wajukuu wawili, na mimi ndugu yake.

Mungu ampumzishe. Sisi tuliocheka, atuhukumu apendavyo.